Kugusa Kidogo na Kutosha

Aziza binti yangu,

Nimekimbia nyumbani. Tantine zako, mashangazi na mama wadogo wote, wamejaa uani, kila mmoja ana chake cha kutia kwenye sanduku lako, na mama yako anafunga mizigo na kuifungua tena tangu adhuhuri. Nimesema nimesahau kitu kazini, nikaja hapa kituoni, kwenye chumba cha meno. Mgonjwa wa mwisho ameondoka, nimefagia, nimechemsha vyombo, na sasa nimekaa kwenye kile kiti changu kidogo cha magurudumu, karatasi iko juu ya trei. Jua bado liko juu ya mabati ya mtaa wa Makiso. Nataka nimalize kabla halijazama, kwa sababu nikifika nyumbani mikono mitupu nitayaona macho yako na nitaahirisha tena.

Kesho utavuka mto hadi Lubunga, utapanda pikipiki, na kama mvua haijaharibu njia utalala Ubundu. Habari za maji ya kuchemsha, chandarua na dawa za tumbo mama yako ameshakuambia mara tatu. Habari za wanaume tantine zako wamekueleza kwa sauti kubwa mpaka mimi niliyekuwa sebuleni nikaona haya. Kwa mambo hayo sina la kuongeza. Una akili ya maisha kuliko niliyokuwa nayo mimi katika umri wako.

Mimi nina jambo moja tu, nalo ni la mdogo wako Saidi. Nilikuambia wewe, na nikawaambia watu wote, kwamba alikufa kwa malaria. Haikuwa malaria. Nadhani unajua kwamba haikuwa malaria. Nadhani umejua kwa miaka kumi na miwili, na kwamba ndiyo sababu unakwenda Ubundu kung'oa meno ya watoto wa watu. Kama ndivyo, sitaki uondoke kabla hujaisoma barua hii mpaka chini. Ukishaisoma utachagua mwenyewe, na sitakuuliza sababu.

Nianze na neno, maana yote yalianzia kwenye neno.

Unajua tunavyosema hapa kwetu. Wafanyabiashara wanaotoka pwani hutucheka. Kwao kutosha ni kuwa kiasi cha haja, basi, neno limekwisha. Kwetu ni hivyo na ni vingine: kutosha ni kutoa pia. Tunatosha viatu mlangoni, tunatosha chungu motoni, tunatosha mtoto kwenye mvua. Na jino nalo tunalitosha. Neno moja lina maana mbili, na mtu mzima huelewa kwa jinsi lilivyokaa katikati ya mengine. Mtoto wa miaka mitano aliyelazwa kwenye kiti hiki husikia ile maana anayoitaka.

Nilipoanza kazi hii, mtoto alikuwa anashikwa. Aliyenifundisha, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema nje ya chumba. Ndani ya chumba alimwambia mama ashike miguu, mimi nishike kichwa, na mtoto akiuliza kuna nini, jibu lilikuwa kwamba tunaangalia tu. Kisha koleo. Watoto walitoka hapa sauti zimewakauka. Nilichukia jambo lile mpaka nikakosa usingizi, nikajiapia kwamba siku nikipata chumba changu sitamshika mtoto kwa nguvu wala sitamwambia uongo.

Nilipata chumba changu, nikabuni maneno yangu. Mtoto akiuliza nitafanya nini, nilimjibu kwa sauti ya mtu anayemaliza jambo dogo: kugusa kidogo na kutosha.

Umeona hila yake? Mama aliyesimama pale dirishani alisikia kwamba nitagusa kidogo halafu nitang'oa. Mtoto alisikia kwamba nitagusa kidogo, inatosha, twende nyumbani. Akafungua kinywa. Sindano ilikuwa imeingia kabla hajajua, ganzi ikashika, na jino likatoka. Mama akacheka kichinichini, mimi nikacheka, na mtoto akabaki kututazama. Na kama angenishtaki ningeweza kumjibu bila kupepesa macho: nilisema kutosha, na nimetosha. Nilikuwa nimepata njia ya kudanganya bila kusema uongo, nikaiona ni maarifa. Niliwasimulia wenzangu kwenye mafunzo, baadhi yao wakaiga. Mtaani watoto waliniita Papa Meno, na nilidhani ni kwa mapenzi, mpaka nilipogundua kwamba wakiniona walivuka barabara.

Siku ya Saidi ulikuwepo. Alikuwa na miaka sita. Gego lake la utoto lilikuwa limeoza kwa miwa na kwa biskuti alizopewa na kila mtu, kwa kuwa alikuwa na uso ambao watu hawakuweza kuunyima kitu. Hakutaka kuja bila wewe, basi ukasimama mlangoni hapo, mkoba wake wa shule umeukumbatia kifuani. Aliniuliza walichouliza wengine wote. Nilikuwa na wiki nzima ya kumweleza nyumbani, taratibu, nikiwa nimempakata. Sikufanya. Siku ile foleni ilifika uani na nilikuwa na haraka. Nikamwambia, "Kugusa kidogo na kutosha."

Alinitazama usoni, akafungua kinywa. Alikifungua chote, Aziza. Kwa wagonjwa wangu wote hakuna mtoto aliyewahi kunifungulia kinywa namna ile, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa mwanangu. Nimeshaona vinywa vingi tangu wakati huo na nikiviangalia naona hicho kimoja. Huja mchana, kazini, mwanga ukiwa mzuri. Ninapovuta taa karibu na mgonjwa, hata akiwa mzee wa miaka sabini, kuna dakika moja ambapo ni kinywa cha Saidi, na lazima nisubiri kiondoke ndipo niendelee. Umeniuliza mara mbili tatu kwa nini nasimama kidogo kabla ya kuanza. Nilikujibu kwamba naomba dua.

Nilipomaliza hakulia. Alikaa, akatema damu, akaniuliza kama si mimi niliyesema inatosha. Nikacheka. Nikamweleza tofauti ya maneno kama mwalimu wa darasa la kwanza, mkono wangu ukiwa bado na damu yake. Nikamfungia jino kwenye pamba ili akalitupe juu ya paa, panya amletee jipya kama desturi. Aliliacha juu ya trei, hakuligusa. Njiani mnarudi nyumbani nilikusikia ukimwambia asinune, kutosha ya papa ni ile ya viatu. Ulikuwa na miaka minane na ulikuwa umeeleza vizuri kuliko mimi.

Tangu siku ile Saidi hakulitamka tena neno lile. Mama yako akimpakulia lituma, ndizi zetu za kupondwa, na kumwuliza kama inatosha, alifunika sahani kwa kiganja. Mpira ukiisha alisema "basi". Nililiona, na unajua nilifanya nini? Nililifanyia mzaha. Nilimwita Bwana Basi mbele ya wageni, nao wakacheka, naye akacheka kwa adabu. Mtoto alikuwa anatuambia kwamba neno letu limeharibika, na mimi niliyeliharibu nikamtungia jina.

Sasa fikiri. Mtoto aliyedanganywa na daktari ana baba wa kumkimbilia. Saidi hakuwa na pa kukimbilia, maana daktari na baba walikuwa mtu mmoja.

Yanayofuata sehemu unayajua kuliko mimi. Alikuwa na miaka minane, wewe kumi. Gego la chini upande wa kulia likaanza kumuuma. Alikuambia wewe na akakukataza kusema. Ulikuwa ukimchemshia maji ya chumvi asukutue nyuma ya nyumba, na mama yako ukamwambia ni ya kuoshea kidonda cha mguuni. Kidonda chenyewe hakikuwepo. Sikuyajua haya wakati ule. Lakini niliona anatafuna upande mmoja. Niliona, usije ukadhani sikuona. Kuona ndiyo kazi yangu. Jioni moja nikamwambia mezani afungue kinywa, naangalia tu. Akabana midomo na kutikisa kichwa. Nilikuwa nimeshinda kwenye vinywa vya watu tangu asubuhi, nikasema kesho. Mganga hajigangi, watu husema na kucheka. Kesho nikasema keshokutwa, na wiki iliyofuata nikaenda Ubundu.

Ndiyo, Ubundu hiyo hiyo. Sasa unajua kwa nini siku ulipoleta karatasi ya kazi na kulitaja jina hilo nilitoka nje kwenda kutazama kuku. Waliniomba siku nne, nitibu meno ya watoto wa shule. Nililala karibu na stesheni, nililishwa samaki wa mtoni kila siku, nilishukuriwa. Nikakaa kwenye veranda ya shule na kuwaambia watoto wa Ubundu, mmoja baada ya mwingine, kugusa kidogo na kutosha. Wako watu wazima huko leo ambao niliwafundisha kuogopa. Usishangae wakikuletea watoto wao wamechelewa.

Siku hizo hizo shavu la Saidi lilikuwa linavimba. Mama yako alimpeleka kwa muuguzi wa jirani. Saidi alikataa kufungua kinywa, hata kwa kijiko, hata kwa peremende. Muuguzi akaona uvimbe chini ya taya, akasema ni matubwitubwi, watoto wengi wanayo, yataisha yenyewe. Simlaumu. Angemwuliza nani? Mtoto alikuwa amefunga kinywa, na waliojua kilichokuwa ndani walikuwa yeye na wewe.

Najua sentensi hiyo imekuchoma. Usiache kusoma hapo.

Nilirudi siku ya tano asubuhi. Alikuwa amekaa mlangoni akinisubiri, na nilijua kabla sijaweka mfuko chini. Uvimbe ulikuwa umeshuka hadi shingoni, mgumu, ulimi umeinuliwa juu, mate yanamtoka na hawezi kumeza, pumzi inapita kwa shida. Nilimbeba, tukapanda pikipiki, dereva mbele, Saidi katikati, mimi nyuma nimemzungushia mikono. Karibu na soko dereva alipunguza mwendo kwa sababu ya watu, na hapo Saidi akageuza kichwa. Ilibidi niinamishe sikio mpaka likagusa midomo yake.

"Papa, usipige yaya," alisema. "Yaya alijua, lakini ni miye nilimukataza kusema."

Nikamwambia sitakupiga wewe, yaya yake, dada yake mkubwa. Akaniambia niape. Mtoto wangu hakuniamini kwa neno tupu, alitaka kiapo, na alikuwa na haki. Nikaapa kwa Mungu, katikati ya soko, na hapo ndipo akaegemea kifua changu.

Hospitalini walifanya walichoweza. Walitoboa usaha, walimpa dawa za mshipa. Alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri, na alasiri tukamzika. Hakusema tena kitu cha kueleweka baada ya pale sokoni. Kwa hiyo maneno yake ya mwisho yalikuwa yako, Aziza. Alinikabidhi nikuletee, ilikuwa kazi ya kutembea kutoka hospitali hadi nyumbani, na nimekaa nayo miaka kumi na miwili.

Kwenye matanga watu waliuliza, kama watu wanavyouliza. Nikasema malaria. Sikupanga. Hapa kwetu malaria haiulizwi maswali, kila nyumba imeshazika wake. Ningesema ni jino wangenitazama mikono yangu. Mama yako aliinua macho mara moja, akayashusha, na hatujawahi kulizungumza mimi na yeye hadi leo. Wewe ulikuwa umekaa mkekani karibu na miguu yangu. Ulinitazama kwa muda mrefu. Nilidhani unanitazama kama mtoto anavyomtazama baba yake siku ya msiba.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, na ubaya wake ni kwamba nimeipita nikiwa na wewe. Nilidhani nimejificha mimi. Kumbe nilikufungia wewe ndani. Ulijua ni jino. Ukamsikia baba yako, mtu wa meno, akisema malaria, ukaamua kwamba baba hajui. Kwamba ni wewe peke yako duniani unayejua, na kwamba ungefungua mdomo, mdogo wako angekuwa hai. Uliwaza hivyo ukiwa darasa la tano. Ulikwenda shule na hayo, ukarudi na hayo, ukala na sisi sahani moja.

Mimi nilibadilika, lakini nilibadilika kimya kimya, kama mwizi aliyeacha wizi bila kurudisha mali. Nilipomaliza arobaini nilirudi hapa, na mtoto wa kwanza aliponiuliza nitafanya nini, nikaweka koleo chini. Nikamwambia mama yake amrudishe siku nyingine. Nilikaa kama nilivyokaa sasa, nikajaribu maneno peke yangu, kwa sauti, kama mwendawazimu. Nitakutoa jino. Nilianza na hayo. Yalinitisha mimi kabla ya kumtisha mtoto.

Na hayo ndiyo uliyonikuta nayo ulipokuja kujifunza, ukadhani nimezaliwa nayo. Kwamba namwambia mtoto jino litatoka leo. Kwamba kuna sindano, naye aione, inachoma kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, na tunahesabu pamoja. Kwamba mdomo utakuwa mzito na asiung'ate. Kwamba atasikia nasukuma, na atasikia mlio kama wa kuvunja karanga, mlio unaotisha lakini hauumi. Kwamba akiumwa ainue mkono nami nitasimama. Na kwamba nasimama kweli.

Hilo la kusimama ndilo gumu, na nitakupa kisa kimoja cha kwangu maana hukuwepo. Alikuja msichana wa miaka saba, mama yake anauza mafuta ya mawese, ameacha biashara yake kwa jirani na ana haraka. Msichana aliinua mkono, nikasimama. Nikaanza tena, akauinua tena. Mara ya tatu nilijua haumwi, ganzi ilikuwa imeshika sawasawa, alikuwa ananijaribu tu aone kama mkono wake una nguvu. Mama alikuwa anafoka kwamba nimshike, namlea vibaya. Nilisimama mara tano. Mara ya sita msichana akaweka mkono chini ya paja lake mwenyewe, akaukalia, akafungua kinywa. Mwaka uliofuata alikuja peke yake, ametembea kutoka Mangobo, kuniambia kuna jino lingine linaanza kuuma. Nilimtibu, nikaenda chooni nikalia. Saidi angetembea kutoka chumbani kwake hadi sebuleni, ni hatua kumi na mbili, nimezihesabu.

Liko swali moja ambalo sijawahi kulizoea. Wengine wanauliza kama damu itaisha, kama jino nalo linasikia maumivu, kama wanaweza kuondoka nalo nyumbani, na hayo utayajibu huku unatabasamu. Lakini mtoto mkubwa kidogo, aliyekwisha kubadilisha meno ya utoto, atakuuliza kama litaota jingine. Jibu ni hapana. Utataka kusema tutaona. Utataka kusema Mungu anajua. Mimi husema hapana, halitaota, pengo litabaki, na ulimi wako utaenda hapo kila siku mpaka uzoee. Wengine hulia. Waache walie, ni kilio cha haki. Hakuna aliyewahi kushuka kitini kwa sababu ya jibu hilo.

Ulipokuwa na miaka kumi na sita ulikuja ukasema unataka kusimama chumbani humu na mimi. Mtoto aliyependa cherehani, aliyeshonea wanasesere magauni kwa vitenge vya mama yake, aliyekimbia akiona kuku anachinjwa. Nilifurahi, mjinga mimi. Nilidhani nimepata mrithi. Nikawaambia watu msikitini.

Mwezi uliopita ndipo nilipofahamu. Nilikuwa chumba cha dawa, mlango ulikuwa wazi. Wewe ulikuwa na mvulana mmoja mwenye shavu lililovimba, na dada yake alikuwa amesimama mlangoni. Ulimaliza na mvulana vizuri kabisa, nisingefanya vizuri zaidi. Kisha ukamgeukia yule msichana ambaye hakuwa na ugonjwa wowote, ukachuchumaa mbele yake, ukamwuliza kama alijua kwamba ndugu yake anaumwa. Akasema ndiyo, alijua. Sauti yako ikabadilika.

"Haiko kosa yako," ulimwambia. "Unasikia? Haiko kosa yako."

Ulilirudia mpaka yule mtoto akakushangaa. Kisha ukatoka nje, ukakaa huko muda mrefu, na uliporudi ulikuwa umenawa uso. Mimi nilikuwa nimesimama na chupa ya dawa mkononi. Nilielewa kwamba wewe umemwambia mtoto wa watu neno ambalo hakuna mtu aliyekuambia wewe, na kwamba aliyetakiwa kukuambia ni mimi. Ningetoka pale pale. Nilihesabu chupa mpaka ukaenda nyumbani.

Basi nakuambia leo. Sitaitia barua hii sandukuni uikute ukiwa mbali, hiyo ingekuwa hila nyingine ya kwangu. Nitakuletea mkononi, mbele ya tantine zako wote, na nitakaa uani mpaka utakapomaliza.

Sikuombi msamaha kwa kuwa sijui kama ni wako kuutoa. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, na usinionee huruma kwa ajili ya mvi. Ukitaka kunyamaza wiki, nyamaza. Ninachohofia ni kitu kimoja, kwamba unakwenda Ubundu kulipia jambo ambalo si lako, na kwamba kila mtoto utakayemlaza kitini atakuwa Saidi, kama kwangu. Mtu hawezi kuishi hivyo. Mimi nimejaribu. Kama unaipenda kazi hii, nenda, una mkono mwepesi na husemi uongo, na Ubundu watakuwa wamepata mtu. Kama unakwenda kwa sababu ya maji yale ya chumvi, usivuke mto. Nitawaandikia mimi, nitasema kosa ni langu, na safari hii itakuwa kweli.

Alikuomba unyamaze kwa sababu aliniogopa. Alipoona mambo yamekuwa makubwa alivunja siri mwenyewe, ili wewe usipigwe. Mpaka mwisho alikuwa anakulinda, na hakuna hata mara moja aliyosema ulimkosea.

Ulikuwa na miaka kumi, Aziza. Mdogo wako alikuomba unyamaze, ukanyamaza. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na miwili, na hakuna aliyeniomba.

Papa yako